Kioo kilichosuguliwa vizuri kwa kipimo kibovu

Wasomaji wangu, leo nataka tuanzie Malindi. Najua wengi mkisikia Malindi mnafikiria ufukwe, Waitaliano na ile nguzo ya Vasco da Gama. Lakini tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, roketi ndogo iitwayo Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimika baharini jirani na mji huo. Ilibeba satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wakaiita Uhuru. Naam, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Mwanasayansi aliyeongoza kazi ile ni Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, na mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Namtaja kwa sababu mwaka 1981 huyu mzee wa Uhuru alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya mjini Baltimore iliyopewa jukumu la kusimamia sayansi ya darubini ya Hubble. Alikuwa bado kwenye kiti hicho mwaka 1990, Hubble ilipoumbuka mbele ya dunia nzima. Kuumbuka huko ndiyo habari yangu ya leo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiisoma kama mambo ya wanasayansi, mpaka nilipogundua kwamba inanihusu mimi mwandishi wa habari. Nitaeleza, vumilia kidogo.

Hubble ilirushwa na chombo cha Discovery tarehe 24 Aprili 1990. Hadi siku hiyo ilikuwa imeshakula kiasi cha dola bilioni 1.5. Kiungo chake kikuu ni kioo chenye kipenyo cha mita 2.4, na kazi ya kioo hicho kuieleza ni rahisi sana: kupokea mwanga wa nyota na kuukusanya wote mahali pamoja. Darubini za duniani zinasumbuliwa na hewa, maana angahewa inatikisika kama mvuke juu ya lami ya saa saba mchana. Hubble ingekaa juu ya hewa hiyo, kilomita zipatazo 600 kwenda juu, ikaona bila usumbufu.

Picha za kwanza zilifika mwezi Mei. Kila nyota ilikuwa na ukungu kuizunguka. Watu wakasogeza kioo kidogo cha pili mbele na nyuma, kama unavyozungusha lenzi ya kamera ukitafuta picha itulie, lakini picha haikutulia. Tarehe 27 Juni 1990 NASA, shirika la anga la Marekani, wakasimama mbele ya waandishi na kukiri: kioo kikuu kina umbo lisilo sahihi. Badala ya kukusanya kama asilimia 70 ya mwanga wa nyota katika nukta moja ndogo, kilikuwa kinakusanya asilimia 10 hadi 15 tu. Mwanga uliobaki ulikuwa umetawanyika pembeni.

Sasa sikiliza ukubwa wa kosa lenyewe. Ukingo wa kioo ulikuwa umesuguliwa ukapita kiasi kwa maikromita 2.2. Chukua unywele wako mmoja, ugawe unene wake mara hamsini hivi. Basi, ndiyo hiyo! Wachekeshaji wa televisheni wakapata cha kusema usiku kucha, wanasiasa wakapata cha kupigia kelele, na wanaastronomia ambao wengine walikuwa wameisubiri darubini hiyo nusu ya maisha yao wakabaki na majonzi.

Ingekuwa rahisi kusema mafundi walikuwa wazembe. Hapana. Kampuni ya Perkin-Elmer ya Danbury, jimbo la Connecticut, ilikisugua kioo kile kwa ustadi wa hali ya juu kabisa. Uso wake ulikuwa laini kuliko karibu kioo chochote cha ukubwa ule wakati huo. Tatizo ni kwamba walikisugua kwa usahihi mkubwa mno kufuata umbo ambalo siyo. Fundi cherehani hodari anaweza kukushonea suti isiyo na hata uzi mmoja uliopinda, lakini kama futi yake ya kupimia ina kasoro, suti haitakuenea. Na kadiri anavyokuwa hodari, ndivyo itakavyokukataa kwa uhakika zaidi.

Futi ya Perkin-Elmer ilikuwa kifaa chenye vioo viwili na lenzi moja, kinachowekwa juu ya kioo kikubwa na kuonyesha pa kuendelea kusugua. Ili kifaa hicho kiseme kweli, lenzi yake ilitakiwa kukaa mahali pake hasa. Mahali hapo palipimwa kwa fimbo maalumu na mwanga wa leza: leza igonge ncha ya fimbo na kurudi. Ncha ilikuwa na kifuniko chenye tundu katikati, na kifuniko kilikuwa kimepakwa kitu kisichoakisi mwanga ili leza isidanganyike. Lakini kipande kidogo cha ule mpako kilikuwa kimebanduka. Leza ikagonga kifuniko badala ya ncha, ikarudi, na mafundi wakasoma namba wakaiamini. Tofauti ilikuwa milimita 1.3.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Lenzi ilipotakiwa kusogezwa mpaka pale namba ilipoelekeza, skrubu za kurekebishia hazikufika. Kifaa kilikuwa kimesanifiwa vizuri, na usanifu wenyewe ulikuwa unakataa! Ni kama unafunga mlango unagoma, nawe badala ya kuuliza kwa nini unauongezea nguvu. Mafundi wakaweka washa tatu ndogo, zile za kawaida tu za kuweka chini ya skrubu, lenzi ikashuka, kazi ikaendelea. Ratiba ilikuwa imebana na fedha zilikuwa zimebana. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini chombo ghali kama kile kinahitaji washa za kuongezea.

Halafu kulikuwa na mashahidi. Kioo kilipimwa pia kwa vifaa vingine viwili vya aina nyingine, na vyote vilionyesha kwamba kuna kasoro. Vyote vikapuuzwa. Hoja ilikuwa kwamba vifaa hivyo havina usahihi kama kile kikubwa, kwa hiyo kasoro lazima iwe ya kwao. Kazi ya kusugua ilimalizika mwaka 1981. Baadaye ikaja ajali ya Challenger ya Januari 1986, safari zote zikasimama, na Hubble ikakaa duniani miaka mingine. Jumla ni miaka tisa kioo kibovu kiko mikononi mwa binadamu, mahali ambapo unaweza kukigusa, na hakuna aliyepima darubini nzima kwa pamoja, kuanzia mwanga unapoingia hadi picha inapotoka. Kipimo hicho kilionekana ni cha gharama. Kinachouma zaidi ni kwamba kampuni ya Kodak ilikuwa imetengeneza kioo cha akiba, na kile kilikuwa na umbo sahihi. Leo kipo jumba la makumbusho la Smithsonian.

Tume iliyoongozwa na Lew Allen, aliyekuwa mkurugenzi wa maabara ya JPL, ilitoa ripoti yake Novemba 1990. Kifaa chenyewe walikikuta bado kipo pale kiwandani jinsi kilivyoachwa, wakakipima, kosa likaonekana. Lakini ripoti haikuishia kwenye milimita 1.3. Ilisema kipimo kimoja kiliaminiwa peke yake, dalili zilizopingana nacho hazikufikishwa kwa wanaohusika, na presha ya ratiba na fedha iliwafanya watu wasitazame nje ya kibarua chao.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Maana nilikuwa nimeyafanya hayo hayo.

Miaka michache iliyopita niliandika habari ya kamati moja ya shule iliyopokea mchango wa kujenga madarasa. Nilikuwa na karatasi ya ofisini yenye mhuri, inataja kiasi kilichotolewa. Mpigapicha niliyefuatana naye akaniambia, "Mbona kwenye ile hundi ya maonyesho imeandikwa kiasi kingine, kidogo zaidi?" Nikamjibu kwamba hundi ya maonyesho ni ya kupigia picha tu, mimi nina karatasi yenye mhuri. Kwenye simu pia mhazini wa kamati alitaja kiasi kidogo, nikadhani amechanganya. Karatasi ndiyo iliyokuwa imekosewa. Habari ikatoka, na kijijini watu wakafanya hesabu yao: zilizoandikwa gazetini ni nyingi kuliko zilizofika, basi mhazini amekula. Mama yule alipata taabu wiki mbili kabla hatujachapa masahihisho, madogo, ukurasa wa ndani. Nilikwenda kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, mimi si nilikutajia?"

Mashahidi wawili walikuwa wameniambia ukweli, nami nikawatupa kwa sababu kipimo changu kilikuwa na mhuri. Ndiyo maana sicheki tena nikisoma habari ya zile washa.

Wahandisi wana jina la dawa ya ugonjwa huu. Wanaiita uhandisi wa mifumo. Ni fani iliyoanza kupata jina hilo miaka ya 1940 kwenye maabara za simu za Bell huko Marekani, ikakomaa kwenye miradi ya makombora na safari za mwezini. Jina linatisha, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaielewa. Kuna kamati ya chakula, ya ukumbi, ya usafiri na ya mapambo. Kila moja inaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa na bado harusi ikaharibika, kwa sababu basi lilifika saa kumi na ukumbi ulifunguliwa saa kumi na mbili. Uhandisi wa mifumo unauliza maswali ambayo si ya kamati yoyote: harusi nzima inatakiwa ifanye nini? Kila kamati inaruhusiwa kukosea kiasi gani? Wanakutana wapi? Nani atahakiki, tena kwa njia nyingine kabisa, kwamba wanachosema ndicho kilichopo?

Kwenye mambo ya mwanga, swali la kukosea lina bajeti yake kamili. Webb, darubini iliyofuata baada ya Hubble, ilipewa ruhusa ya kupotosha mawimbi ya mwanga kwa nanomita 150 tu kwa jumla, mita moja ikigawanywa mara bilioni ndiyo nanomita. Kiasi hicho wanagawana wote: kioo kinapewa chake, mtikisiko wa mitambo chake, mabadiliko ya joto chake, kamera chake. Ukizidisha wewe, lazima mwingine apunguze, na anayeshika daftari la bajeti ana mamlaka ya kukwambia hapana.

Tuwe wakweli lakini. Uhandisi huo huo ndio uliokuja kuiokoa Hubble. Tangu mwanzo ilisanifiwa ili wanaanga waweze kuifikia, kufungua milango yake na kubadilisha vifaa kama droo za kabati. Na kwa kuwa kioo kilikosewa kwa usahihi, kosa lake lilijulikana barabara na kuweza kukokotolewa. Kamera mpya iliyokuwa ikitengenezwa JPL ikawekewa vioo vidogo vyenye kosa la kinyume, ili kosa mara kosa litoe sahihi. Na vile vifaa vingine je? Mhandisi James Crocker alikuwa hotelini Ujerumani, anaoga, akatazama bomba la manyunyu linavyopanda na kushuka kwenye fimbo yake na kukunjika. Akawaza: kwa nini vioo vya kurekebisha visipelekwe mbele ya vifaa kwa mikono ya namna hii? Wazo hilo likazaa COSTAR, sanduku kubwa kama kibanda cha simu, lenye vioo vidogo, vingine kama sarafu.

Tarehe 2 Desemba 1993 Endeavour ikaruka. Story Musgrave, Jeffrey Hoffman, Kathryn Thornton na Thomas Akers walitoka nje mara tano, wakipokezana wawili wawili, wakafunga miwani ya Hubble. Picha safi zilionyeshwa Januari 1994. COSTAR yenyewe iliondolewa mwaka 2009, kwa sababu kufikia hapo kila kifaa kilikuwa kimezaliwa na marekebisho yake ndani.

Kwenye mionzi ya infraredi mambo ni magumu zaidi. Mionzi hii iligunduliwa na William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliopasuliwa na akaona joto linapanda mahali ambapo jicho halioni kitu. Kila chenye joto kinaitoa: mimi, wewe, sufuria, hata darubini yenyewe. Darubini ya infraredi yenye joto ni kama mtu anayetafuta mshumaa mbali huku amejimulika tochi usoni. Lazima ipozwe. Kwa hiyo joto, umbo, uzito na njia ya kupita angani haviwezi tena kuamuliwa kila kimoja peke yake.

Mfano ninaoupenda ni huu. Satelaiti ya IRAS ya mwaka 1983 ilibeba lita 520 za heliamu ya kimiminika, na ilidumu miezi kumi. Spitzer, iliyorushwa Agosti 2003, ilibeba lita 360 tu, na heliamu yake ikadumu hadi Mei 2009. Vipi? Walioisanifu hawakutafuta tangi bora zaidi. Waliuliza upya swali zima. Waliiondoa darubini karibu na dunia inayotoa joto, wakaiweka ilizunguke jua nyuma ya dunia. Walirusha darubini ikiwa na joto la kawaida, ikapoa yenyewe kwenye baridi ya anga za juu, ambayo ni ya bure, na heliamu ikaachiwa kazi ndogo iliyobaki. Mtaalamu wa matangi peke yake asingeweza kuamua hivyo, wala mtaalamu wa njia za angani.

Hubble nayo ilipata somo lake la baridi. Kamera yake ya infraredi, NICMOS, iliwekwa mwaka 1997 ikiwa na barafu ya naitrojeni. Barafu ikatanuka ndani ya chombo chake, sehemu mbili zisizotakiwa kugusana zikagusana, joto likapata njia ya kupenya. Naitrojeni ikaisha Januari 1999, mapema kuliko ilivyopangwa, na kamera ikalala mpaka 2002 ilipofungiwa mtambo wa kupoza.

Webb ilibeba mafunzo yote haya. Kioo chake ni cha mita 6.5, vipande 18 vya berili vilivyopakwa dhahabu. Kwa kuwa kazi yake ni kwenye nyuzi joto kama 233 chini ya sifuri, na berili hubadilika umbo ikipoa, vipande vilipozwa huko Huntsville, vikapimwa vikiwa baridi, kisha vikarudishwa kusuguliwa viwe na kasoro kwenye joto ili viwe sahihi kwenye baridi. Kila kipande kina mota zake za kukisogeza huko huko angani. Na safari hii walipima pamoja. Mwaka 2017 kioo na kamera zake viliwekwa kwenye chumba kikubwa cha ombwe mjini Houston kwa takriban siku 100. Kimbunga Harvey kikapiga mwezi Agosti, mji ukafurika, na watu wakalala kazini ili kipimo kisikatike.

Je, walipona makosa? Wapi! Mwaka 2018, darubini ilipotikiswa kwa majaribio, skrubu na washa zilidondoka kutoka kwenye kifuniko cha ngao yake ya kuzuia jua. Washa tena, jamani! Tofauti ni kwamba safari hii zilidondokea sakafuni, mbele ya macho ya watu, na zikahesabiwa. Tume ya Tom Young ikaitwa, ikahesabu sehemu 344 ambazo moja tu ikishindwa inaweza kuangusha kazi yote, ikataka vitu vikaguliwe upya. Mradi ukazidi kuchelewa na gharama ikafika karibu dola bilioni 10. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini Webb ingekaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ambako hakuna mwanaanga wa kwenda kufunga miwani. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, ikajikunjua yote, na picha zake zikatolewa Julai 2022.

Giacconi hakuziona. Alifariki Desemba 2018, akiwa na miaka 87.

Mimi siku hizi nina utaratibu. Namba mbili zikipingana, habari haitoki mpaka nijue kwa nini zinapingana, hata kama moja ina mhuri na nyingine imetoka kwa mpigapicha. Mhariri wangu ananiita mchelewaji. Namwambia asubiri, nahesabu washa. Hanielewi, ila sasa nikimtumia maandishi haya ataelewa.

Na wewe msomaji, ofisini kwenu ni nani anayeruhusiwa kusema "simamisheni kwanza, hii haijakaa sawa"? Fikiria hilo ukiwa kwenye foleni ya jioni. Tuonane tena, panapo majaliwa.